Kanda ya Kunakucha Mashambani

Butere, 18 Februari 2024

Vale, dada yangu,

Kabla hujaanza kunisuta kwamba naandika tu nikiwa na shida, leo sina shida. Leo nina habari, na nakuomba uketi kwanza.

Unakikumbuka Kunakucha Mashambani? Kile kipindi cha Jumapili jioni, na yule mtangazaji wa kofia ya sufu aliyekuwa akishika jembe kana kwamba litamuuma? Mtu amefungua ukurasa kwenye Facebook na anatia vipande vya zamani, kimoja baada ya kingine. Nimewaona wafinyanzi wakikanyaga udongo. Nimewaona wazee wakirina asali bila glavu, na mama mmoja anagonga vijiti juu ya kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua imekuja. Nimewaona fahali wakipigana mpaka nikasimama mwenyewe dukani nikapiga kelele. Jana mteja alitaka dawa ya kupe nikampa ya minyoo. Amenirudishia leo kwa matusi.

Sijui kwa nini vinanishika hivi. Tulipokuwa wadogo tulivicheka vile vipindi, tukisema wametuletea kwenye runinga mambo ambayo tungeyaona bure nyuma ya nyumba. Sasa nyuma ya nyumba hakuna kitu. Hakuna anayetega kware tena, na watoto wa hapa wanajua kware ni mayai ya dukani.

Basi nikaanza kumtafuta marehemu Baba kwenye vile vipande. Unakumbuka jioni ile kipindi chake kilipotoka? Kijiji kizima kilikuwa kwa mwenye kinu cha kusaga, watoto chini, wazee kwenye viti, wanawake dirishani. Wimbo ukaisha, tukaona ukungu na mlingoti wenye matundu ya kware, na betri ya trekta iliyowasha runinga ikafa. Picha ikawa nukta nyeupe, ikaenda zake. Baba akasimama, akavaa kofia, akasema sura yake anaijua. Sisi wengine tulilia. Mama alikuwa akikitaja kile kipindi mpaka mwaka aliofariki.

Nimewaandikia wenye ukurasa. Nimewaambia mzee wetu mtega kware wa Butere alipigwa picha na watu wao, na familia haijawahi kuona. Wanasema wanawatafuta walioonekana kwenye vipindi au jamaa zao. Niombee.

Msalimie mpwa wangu Ayuma. Mwambie mjomba bado ana meno yote.

Kaka yako,
Bramwel


Johannesburg, 25 Februari 2024

Kaka Bramwel,

Nimecheka mpaka Epiphanie akaja kuchungulia kama niko salama. Nimewahi kukutajia Epiphanie: Mrundi ninayekaa naye hapa Berea, anayeuza vitenge barabarani kule Marshalltown, karibu na chuo ninachofundisha hesabu. Nimemtafsiria ile ya dawa ya kupe. Amesema mteja wako ana bahati haikuwa ya kwake mwenyewe.

Mimi nilikuwepo siku ile walipompiga Baba picha. Wewe ulikuwa bweni, na nilikuringia mwaka mzima, unakumbuka? Walifika kabla jua halijatoka. Umande ulikuwa baridi hadi magotini. Baba alinipa nishike tundu la Askofu, yule kware wake wa kuita wenzake, na mwenye kamera akaniambia nisimtazame yeye, nimtazame ndege. Askofu aliita, na kutoka kwenye nyasi kule chini wakamjibu. Nilikuwa na miaka saba na nilijiona mtu mkubwa kuliko chifu.

Bramu, sauti ya Baba imenitoka. Uso ninao, uko kwenye picha. Sauti naitafuta usiku na mchana na siipati. Kama kweli hiyo kanda ipo, sijui nitafanya nini. Nadhani nitaifungulia Ayuma asikie babu yake akisema Kiswahili kile cha kwetu cha kuvutavuta. Yeye siku hizi anaelewa kila kitu lakini namwuliza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kizulu. Nikimkaripia ananiambia "eish, Mama" na kutoka.

Nakuomba jambo moja tu, na usinifanyie mzaha. Usiwaambie watu hao niko wapi. Usiwape hata jina la mji. Wakitaka kitu, wewe upo, wewe ndiye mwana mkubwa. Namba ya simu hujapewa kwa sababu hiyohiyo, na picha sitaki zitumwe kokote. Tuendelee hivihivi, kwa anwani hii ya barua pepe tu.

Dada yako,
Valerie


Butere, 10 Machi 2024

Vale,

Wanayo! Wanayo kanda! Nimewafungia wateja duka ili nikuandikie. Soma mwenyewe, nakunakilia ujumbe wao wote:

"Ndugu Bramwel, salamu. Tumefurahi kukufahamisha kwamba kanda ya mzee wako imepatikana. Ni safi na sauti inasikika vizuri sana. Tumemwona yule binti mdogo aliyeshika tundu la Askofu, na sote tumempenda. Kwa utaratibu wetu, aliyeonekana kwenye kanda, kama yu hai, hupokea nakala yake kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi. Tafadhali tuelekeze alipo, hata akiwa nje ya nchi, nasi tutamfikishia. Baada ya hapo familia itapata nakala yake. Mhariri, Wapenzi wa Kunakucha Mashambani."

Nilipofika kwenye jina la Askofu nilirudia kusoma mara tatu. Nani mwingine duniani anamjua yule ndege? Hapo nikajua si matapeli, kanda wanayo na wameitazama.

Sasa usinikasirikie. Najua ulichosema. Lakini nimekaa nikafikiri kama kaka mkubwa anavyopaswa kufikiri. Wewe unajificha kwa kuogopa maneno ya watu wa kanisani, eti umeachana na mume, eti umekimbilia kazi mbali. Miaka sita imepita, Vale. Watu wameshapata wengine wa kusengenya. Na hawa ni watu wa vipindi vya zamani, wanapenda ng'ombe na vyungu, wana haja gani na ndoa yako?

Kwa hiyo nimewapa jengo tu, lile ulilonieleza, la Berea lenye duka la mkate chini, na ghorofa mnayokaa. Sikuwapa namba ya mlango. Nimewaambia unarudi kutoka kazini jioni.

Utanishukuru ukimsikia Baba.

Kaka yako,
Bramwel


Johannesburg, 11 Machi 2024

Bramwel,

Nijibu leo. Usingoje kufunga duka.

Ulipowaandikia mara ya kwanza, ulimtaja Askofu kwa jina? Nenda ukasome ulichoandika, neno kwa neno. Usiniambie unavyokumbuka, niambie kilichoandikwa.

Nitakueleza kwa nini nauliza. Unaujua mwiko wa Baba: jina la kware wake wa kuita halikutajwa mbele ya mgeni. Alisema mgeni akilijua ataondoka na sauti ya ndege. Ulidhani kwa ajili ya televisheni alilegea. Hakulegea. Nilikuwa nimesimama pale. Mtangazaji alimwuliza huyu anaitwaje, akauliza tena, akanigeukia mimi. Baba akaniwekea mkono begani, nami nikanyamaza. Kisha akasema hana jina, ni ndege tu.

Jina hilo halimo kwenye kanda, Bramu. Mtu aliyeitazama kanda hawezi kulijua.

Nimezima taa. Ayuma nimemwambia leo tunacheza mchezo wa kunong'ona.

Nijibu.

V.


Butere, 11 Machi 2024

Vale,

Nimesoma. Niliandika "kware wa baba yetu." Sikumtaja.

Huenda walisikia kwa jirani? Lakini jirani gani, hata wao hawakulijua. Nimejaribu kurudi kwenye ule ukurasa ili niwaulize. Haupo. Nimetafuta kwa jina, nimetafuta kwa simu ya fundi wa pikipiki hapa nje. Vipande vyote vimeondoka, wafinyanzi, fahali, kila kitu. Ninaowajua waliokuwa wakiutazama nao hawauoni.

Nieleze, mimi ni mjinga wa nini? Ni nani? Unanitia hofu na sijui naogopa nini.

Bramwel


Johannesburg, 12 Machi 2024

Kaka,

Mtu mmoja tu nje ya nyumba yetu amewahi kulijua jina la yule ndege, na nilimwambia mimi. Tulikuwa tumeoana karibuni. Ilinyesha, stima ilipotea Nairobi nzima, tukawa tunasimuliana utoto. Nikamwambia habari za betri, na Askofu, na mwiko, na kwamba kitu ninachokitaka zaidi duniani ni kumwona Baba kwenye ile kanda. Alinisikiliza vizuri. Roy daima alikuwa msikilizaji mzuri.

Najua ulimpenda. Baba naye alimwita mwanangu, na wewe hadi leo ukimtaja unasema shemeji. Ndiyo maana sikusema. Niliwaambia nimepata kazi mbali na ndoa imepoa, mkaniamini, nikaona afadhali hivyo. Sasa nitasema.

Ule mkono niliosema niliangukia bafuni, sikuanguka. Roy alikuwa akienda kazini na viatu vyangu vyote kwenye buti ya gari lake, ili nisitoke. Nilitoka miguu mitupu nikiwa na Ayuma mgongoni, na mtaa wote ukiniangalia. Nikapanga chumba upande mwingine wa jiji, nikabadili kazi, nikampeleka mtoto shule ya chekechea ambayo hakuna aliyeijua. Wiki chache baadaye nikapokea picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya lango la ile chekechea. Hakuandika neno hata moja chini yake. Nilivuka mpaka mwezi uleule.

Anafanya kazi na watu wa matangazo, kupata kanda ya zamani si shida kwake. Alijua mimi sitafungua mdomo. Alijua pia kwamba nina kaka anayempenda baba yake na anayependa kuongea. Ule ukurasa mzima, Bramu, wafinyanzi na asali na kumbikumbi, alikuwekea wewe. Baba alimweka Askofu juu ya mlingoti na akatandaza tanzi chini kwenye nyasi kwa namna hiyohiyo.

Polisi nimefikiria. Kibali changu cha kukaa kiko kwenye foleni ya kufanywa upya, na siku hizi watu wanaandamana mitaani wakitaka wageni tuondoke. Nikienda kituoni swali la kwanza litakuwa karatasi zangu. Natafuta pa kwenda. Natembea nikitazama vioo vya maduka nione nani yuko nyuma yangu. Jana mwanamume alikohoa kwenye ngazi kama yeye, nikakaa ghorofa ya pili nimeganda mpaka akapita. Alikuwa mzee wa gesi.

Usiandike kitu kwa mtu yeyote. Naogopa sana, kaka.

Valerie


Berea, 27 Machi 2024

Kaka Bramwel,

Jambo. Mimi ni Epiphanie, wa kukaa na Valerie. Ameniacha na anwani hii, akaniomba nikuandikie, kwa sababu yeye hana nafasi. Kiswahili changu ni cha mtaani kwetu Buyenzi, utanivumilia.

Kwanza, wako wazima. Wameshaondoka. Wapi, mimi sijui, na nilikataa kuambiwa.

Yule bwana alikuja Ijumaa, saa za watoto kutoka shule. Valerie alikuwa chuoni, kuchukua barua yake ya kazi, maana walikuwa waende Jumapili. Mizigo ilikuwa tayari chini ya kitanda. Mimi nilikuwa ndani ya duka la mkate, hapa chini. Nikamwona amesimama kwenye geti. Amevaa koti nzuri, anacheka na mlinzi, ana bahasha mkononi. Valerie alikuwa amenionyesha picha yake, basi nikamjua. Mlinzi akamwambia bila alama ya kidole haingii mtu. Akasema sharp, hakuna shida, nitangoja.

Sasa watoto wakaja, kundi zima, wana yunifomu, wanapiga kelele. Na Ayuma yuko katikati yao. Yule bwana akachuchumaa, akasimamisha mtoto mmoja tu kati ya wote, na ni yeye. Akamwonyesha simu. Niliiona toka pale nilipokuwa, picha ya mtoto mdogo sana wa nywele fupi. Akamwuliza kwa Kiswahili: "Unamjua huyu? Anaitwa Ayuma." Mtoto akamwangalia tu. Yule bwana akarudia kwa Kiingereza.

Ayuma akaitazama ile picha vizuri, bila haraka. Akamjibu kwa Kizulu: "Angimazi, malume." Ndiyo kusema simjui, mjomba. Kisha akamsukuma rafiki yake, wakacheka, na hakuingia kwenye geti! Akapita nyumba yake kama si yake, akaenda mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, akavuka na wenzake upande wa Hillbrow. Yule bwana akasimama, akapangusa suruali, akauliza mtoto mwingine.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta Ayuma saluni, kwa wale dada wa Kongo wanaosuka, amekaa chini ya meza ya vipodozi. Alikuwa akitetemeka mpaka meza inapiga kelele. Tulimpigia Valerie, hakurudi tena nyumbani. Usiku nilitoa mizigo kidogokidogo ndani ya mafurushi yangu ya vitenge.

Bwana huyo anakuja kila siku bado. Ameniuliza na mimi, kwa heshima kabisa, ananiita mama. Nikasema mimi ni mpangaji mpya. Bahasha ameiacha kwa mlinzi, imeandikwa jina la dada yako. Hakuna aliyeifungua. Mimi ninapita pale nikiishika roho yangu, bon, nina kazi, sina pa kwenda.

Nilikimbia nchi yangu kwa sababu ya watu wenye bunduki. Huyu hana hata fimbo, na ninamwogopa sawasawa na wale.

Mungu akulinde.

Epiphanie


2 Aprili 2024

Bramu,

Sitaandika ninakoandikia. Tumefika mahali, tuna paa, na Ayuma anakula.

Epiphanie amekueleza yaliyotokea getini. Kuna sehemu ambayo yeye haijui.

Siku mbili za kwanza Ayuma hakumtaja yule bwana. Nilidhani hakuelewa yule alikuwa nani, alikuwa na miaka mitatu tulipoondoka, na mimi sijawahi kumwonyesha picha ya babake. Epiphanie ndiye niliyemwonyesha. Ayuma nilimwambia tu asimwambie mgeni jina lake kamwe. Jana nikiwa namsuka nikamwuliza, kwa nini hukuingia ndani ukakimbilia juu? Akanijibu kwa Kiswahili. Sijui ni lini mara ya mwisho amenijibu kwa Kiswahili. Akasema, "Kwa sababu ningeingia angejua ni hapa."

Nikaendelea kusuka maana mikono ilikuwa ikitaka kitu cha kufanya. Kisha akauliza, "Ni baba, sivyo? Masikio yake ni kama yangu."

Nikasema ndiyo.

Akanigeukia. Akasema, "Alinitazama karibu hivi, Mama, na hakunijua." Hapo ndipo akalia. Bramu, mtoto alimponyoka mtu anayetuwinda, kwa akili yake mwenyewe, na kinachomliza ni kwamba hakutambuliwa. Nami nililia naye.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Nilikaa nikitunga maneno ya kukutukana na yalikuwa mazuri. Lakini ungejuaje, ikiwa mimi mwenyewe nilikuambia niko sawa miaka yote hii? Nimeshayasahau karibu yote.

Roy atakuja kwako. Huku amepoteza njia, atarudi alikoianzia. Usigombane naye, usimtishe, usijifanye shujaa. Hujui kitu, basi uko salama, na sisi pia.

Anwani hii nitaifungua mara mojamoja, nikiwa mbali na tunapokaa. Sitajibu. Ukitaka kuniandikia niandikie tu, nitasoma.

Dada yako,
Valerie


Butere, 12 Mei 2024

Vale,

Sijui kama utaisoma hii. Naiandika hata hivyo.

Roy alikuja Jumapili iliyopita, baada ya ibada. Alibisha hodi kama mkwe mwenye adabu. Alileta sukari na majani ya chai. Akaketi kwenye kiti cha Baba, na mimi sikumwambia aondoke, nilienda jikoni nikachemsha chai. Nilikuwa nikimwaga maji nje ya sufuria. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu Machi, na yote yalinikauka kinywani. Hakuinua sauti hata mara moja, Vale. Angefoka ningejua la kufanya.

Akasema, "Nilikuahidi kanda, shemeji. Mimi hutimiza." Akafungua kompyuta mezani.

Ni yenyewe. Nitakueleza nilivyoiona, maana huenda hutaiona kamwe. Wimbo unaanza, kisha ukungu, kisha mlingoti wenye matundu. Baba anatokea upande wa kushoto akiwa na lile koti la jeshi. Ni kijana! Ni mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, nilitaka kumwamkia nikasita. Wewe uko nyuma yake, gauni limelowa, umekumbatia tundu. Unaitazama kamera waziwazi, hukutii hata kidogo. Kware wanaitana. Halafu Baba anasema. Vale, ile sauti ni nyembamba kuliko tulivyodhani. Inakwaruza kidogo mwishoni mwa maneno, na kabla ya kujibu swali anavuta pumzi puani kama anayenusa mboga. Ukivuta pumzi hivyo utamkumbuka. Mimi nimejaribu, na alirudi.

Mtangazaji akauliza jina la ndege. Baba akasema hana jina, ni ndege tu. Roy alitabasamu pale. Alitambua kosa lake, na akanitazama aone kama nami nimelitambua.

Kisha mtangazaji akauliza kazi hii atamwachia nani. Baba akakushika kichwa, akasema, "Huyu ni binti yangu wa mwisho. Anaye kaka yake, yuko bweni. Yule kijana ni..."

Roy akaisimamisha.

Mdomo wa Baba ulikuwa wazi kwenye kioo. Roy akafunika kompyuta taratibu, akaiweka mkobani, akasema, "Imebaki kidogo, na ni nzuri. Niambie Valerie yuko wapi, tutaitazama pamoja."

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe uliniambia wako. Nilifungua mdomo. Sikuwa nikifikiria Ayuma chini ya meza, wala mkono wako, wala viatu kwenye buti. Nilikuwa nikifikiria nilikuwa nani kwa baba yangu, na kwamba jibu limo ndani ya ule mkoba. Nilifungua mdomo na hakukuwa na kitu cha kusema, kwa kuwa sikujua. Nikasema sijui. Alinitazama muda mrefu, akaona ni kweli. Akamaliza chai. Akasema hana haraka, atapita tena, huenda nikawa nimesikia kitu.

Alipoondoka niliimwaga sukari yake nyuma ya nyumba. Silali. Nikisikia gari linapunguza mwendo barabarani nasimama. Lakini simwogopi yeye jinsi ninavyojiogopa mwenyewe. Kama ungeniandikia jina la mji, hata la nchi tu, sijui ningefanya nini. Ningependa kukuapia kwamba ningenyamaza, na siwezi.

Kwa hiyo usinijibu. Usiniambie uliko hata miaka ikipita, hata ukisikia naumwa, hata mimi mwenyewe nikikuandikia nikakuomba. Nikikuomba, ujue ameketi mezani kwangu.

Najua ulikuwa umesimama pale siku ile, mkono wa Baba ukiwa kichwani mwako, na huenda unakumbuka alivyomalizia. Usiniandikie hata hilo.

Bramwel